Vidonge vya Morgan Wakhungu

Daktari alivua glavu, akazitupa kwenye ndoo, akamwambia Inspekta Roda Mulei kwamba Morgan Wakhungu alikufa kwa kukosa hewa.

"Alizibwa?" Roda akauliza.

"Mwili hausemi. Shingoni hakuna alama, midomoni hakuna jeraha. Mtu akimwekea mto usoni, huyu hangeweza hata kuusukuma. Lakini ugonjwa wake pia unaweza kumuua vivyo hivyo, bila mkono wa mtu."

Roda alikuwa amekwisha kuambiwa habari ya ugonjwa huo, ila alitaka kuisikia kutoka kwa mtu aliyeusomea. Daktari akamweleza. Jina lake la kitabuni ni miasthenia, nao ni wa nadra. Yeye mwenyewe hakuwahi kuuona tangu aanze kazi. Misuli huchoka kabla ya wakati. Kope zinaanguka, sauti inaanza kutokea puani, chakula hakimezeki, na mwisho kifua chenyewe kinachoka kupumua. Kuna vidonge vya kuuzuia. Mgonjwa humeza kila baada ya saa chache, maisha yake yote.

"Na akivikosa?"

"Siku moja, mbili. Huyu tena alikuwa na homa ya kifua." Daktari alifungua mfereji akaosha mikono. "Lakini ni nyinyi mlioniambia alichukua chupa nzima wiki iliyopita. Mtu mwenye chupa nzima hafi hivi. Nitafutie hiyo chupa, Inspekta. Nikijua iliisha vipi, nitaandika ugonjwa. Bila hiyo nitaandika kukosa hewa, na hayo mengine mwendesha mashtaka atajaza."

Mwendesha mashtaka alikuwa amekwisha kujaza. Shemeji ya marehemu, aitwaye Lennox, alikuwa kwenye seli ya Kitengela tangu Jumatatu, na kesho asubuhi angefikishwa mbele ya hakimu Kajiado kwa kosa la mauaji. Kesi ilionekana imekamilika. Lennox aliishi na Morgan nyumba moja. Jirani alimsikia Ijumaa jioni akimfokea Morgan kwamba atakufa. Jumamosi asubuhi aliondoka. Jumapili mke wa Morgan alirudi kutoka mazishini magharibi, akamkuta mumewe amekufa kwenye kiti, na mto umelowa kando yake. Jumatatu Lennox alikamatwa Namanga, hatua chache kutoka mpakani.

Roda alitoka nje ya mochari. Sajini Gakuru alikuwa ndani ya gari akila ndizi.

"Amesema nini?"

"Amesema tutafute chupa."

"Tulipekua hadi choo," Gakuru akasema, akawasha gari.

*

Nyumba ya akina Wakhungu ilikuwa kwenye ploti ya nyumba za kupanga Kitengela, upande ule ambao barabara ilikuwa bado ni udongo mweusi uliopasuka. Upepo ulikuwa ukipiga turubai la matanga. Wanawake wa kanisa walikuwa wakiosha vikombe, na wanaume waliotoka mapema kazini Nairobi walikaa kwenye viti vya plastiki.

Mjane, Immaculate Namalwa, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa chumbani kwenye godoro lililowekwa sakafuni. Alimsalimu Roda kwa mkono na kumwonyesha pa kukaa. Hakuwa akilia. Alimweleza kwa utaratibu kama aliyekwisha kusema maneno yale mara nyingi kwamba mumewe alikuwa mchoraji wa ramani, akaacha kazi alipoanza kuona mistari miwili mahali penye mmoja. Tangu mwaka jana alikuwa mjumbe kwenye Kamati ya Ushauri wa Maradhi Adimu, iliyoundwa na wizara ili iishauri serikali juu ya watu wenye magonjwa ambayo hospitali nyingi haziyajui. Wengine kwenye kamati hiyo walikuwa madaktari na wakubwa wa ofisi. Morgan ndiye aliyewakilisha wagonjwa.

"Alipenda hiyo kazi?" Roda akauliza.

"Alivaa tai."

Roda akamuuliza kama ndugu yake Lennox na Morgan walikuwa na uhasama.

"Nilienda Kimilili kumzika mamangu mdogo," Immaculate akasema. "Nikarudi nikapata bwanangu amekufa. Sasa ndugu yangu mko naye. Wewe niulize unachotaka, madam. Nitajibu tu."

Kuhusu uhasama alikuwa na jambo moja tu. Aliwahi kuwaona hao wawili wakibishana kuhusu mpira.

Roda aliingia sebuleni peke yake. Kiti cha Morgan kilikuwa karibu na dirisha. Alilala amekaa, kwa sababu akilala chali pumzi ilikuwa ngumu. Juu ya stuli palikuwa na bakuli la uji uliokauka, na mrija ndani yake. Uji haukuwa umepungua. Bafuni, kando ya kioo, ilining'inia roli ya plasta, na vipande vilivyokatwa vyembamba vilibandikwa ukingoni tayari kutumiwa. Immaculate alikuwa amemwambia polisi siku ya kwanza kwamba Morgan alibandika kope zake kwa plasta ili aone njia. Mto uliolowa ulikuwa tayari umechukuliwa kuwa kielelezo. Roda alirudi kulitazama bakuli. Mtu asiyeweza kumeza uji hawezi kumeza mate pia, na mate lazima yaende mahali.

Kwenye mlango wa pili aliishi Keziah, mshonaji wa sweta, ndiye aliyetoa ushahidi wa Ijumaa. Alirudia maneno yake: alikuwa akipika, ukuta ni mwembamba, akamsikia Lennox akisema, "Utakufa."

"Alisema hivyo tu?"

"Ndivyo nilivyoandikisha."

"Sikuulizi ulichoandikisha. Neno lililofuata ni lipi?"

Keziah alifikiri. Akasema yule askari aliyekuja alimkatiza hapo hapo, akafunga kitabu. Lakini Lennox aliendelea. Alisema: "Utakufa, na huyo mtu hata hatajua."

"Mtu gani?"

"Hakutaja. Na Morgan sikumsikia akijibu kitu. Siku hiyo alikuwa anaongea kama mtu ameweka pamba puani. Kijana akatoka nje akakaa pale kwa tenki ya maji. Nilimwona analia, lakini hiyo pia hawakuniuliza."

*

Seli ya Kitengela ilikuwa na watu wengi. Roda alimtoa Lennox, akamketisha kwenye benchi la ofisini na kumpa chai. Alikuwa kijana, fundi wa welding, macho yamevimba kwa kukosa usingizi.

"Ulienda Namanga kufanya nini?"

"Nimesema. Kutafuta dawa ya muramwa wangu, shemeji. Kuna jamaa anafanya clearing pale, huwa anavusha mizigo. Nilimwambia anitafutie Arusha."

"Chemist wa Kitengela anasema Morgan alichukua chupa nzima wiki iliyopita. Aliingoja miezi. Kwa nini ukatafute dawa ambayo iko?"

"Haikuwa. Ijumaa amerudi kutoka mkutano, nikaona hamezi. Nikauliza dawa iko wapi. Akaniandikia kwa gazeti, 'Nimempa mtu.' Nikamwuliza nani, akakataa na kichwa. Alibaki na vichache amefunga kwa karatasi, vya kufika Jumamosi."

"Hiyo gazeti iko wapi?"

"Niliwasha nayo jiko."

Gakuru, aliyekuwa akiandika, aliinua macho kisha akayarudisha. Roda alimwuliza Lennox kwa nini hakumpeleka hospitali. Lennox alisema alimwomba aende, Morgan akaonyesha kwa mkono kwamba hospitalini watamlaza chali na kumpa sindano isiyomfaa, kama walivyofanya mara ya kwanza. Ndipo akafikiria Namanga. Jamaa wa clearing alimwambia angoje mpaka Jumatatu, akangoja, akilala kwenye veranda ya duka. Jumatatu walikuja polisi badala ya dawa.

"Nani alikuambia amekufa?"

"Nyinyi. Mkinifunga pingu."

Roda alimrudisha seli, akapiga simu Namanga. Jamaa wa clearing alipatikana baada ya kuitwa kutoka foleni ya malori. Hakuwa na haja ya kumtetea mtu. Alikumbuka kijana aliyemwomba dawa ya mtu asiyeweza kufungua macho. Alidhani ni ya ng'ombe, kijana akakasirika. Ndiyo, alingoja. Ndiyo, siku zote mbili.

"Aliyeficha dawa hakai siku mbili akiitafuta," Roda akamwambia Gakuru.

"Mwendesha mashtaka atasema alikuwa anajitengenezea ushahidi."

"Atasema hivyo."

"Basi tuko palepale. Chupa."

*

Kulikuwa na jambo moja zaidi. Simu ya mkono ya Morgan ilipatikana sakafuni chini ya kiti, imezimika. Ilipochajiwa ilionyesha kwamba Jumamosi jioni alipiga namba ile ile mara kadhaa. Ilikuwa ya Bi Mugure, katibu wa kamati. Gakuru alipompigia, alisema yuko njiani kuja Kitengela kutoa rambirambi.

Walimkuta kwenye matanga, mama nadhifu wa makamo aliyevaa suti ya kijivu, amesimama kando ya kreti za soda zilizoletwa kwa niaba ya kamati. Roda alimpeleka nyuma ya nyumba, mahali pasipo na upepo.

Mugure hakungoja kuulizwa.

"Alinipigia," akasema. "Nilishika, nikasema hello. Hakuna mtu. Kupumua tu. Nikakata. Ikalia tena, kupumua tu. Nilidhani ni watoto wanacheza na simu yake. Mara ya mwisho nilizima yangu, kwa sababu nilikuwa na wageni."

"Hangeweza kuongea," Roda akasema.

"Najua. Miaka yote hii naandika kumbukumbu za kamati, najua ugonjwa unafanya nini. Najua kuliko mtu yeyote pale ambaye si daktari. Lakini simu ikilia ukiwa na wageni, hufikirii."

Alisema hayo bila kubadilisha sauti, kama anayesoma hizo kumbukumbu. Roda akamwuliza habari ya mkutano wa Ijumaa.

Mkutano ulikuwa wa kupitisha jambo moja, Mugure akaeleza: kuishauri wizara inunue vidonge hivyo na kuviweka katika hospitali za serikali, na wakati wa kungoja, igawe akiba ndogo iliyokuwa tayari Nairobi. Hakuna aliyepinga. Mwenyekiti alikuwa amemwahidi Morgan kwa mdomo kwamba Ijumaa jambo litakwisha. Ijumaa mwenyekiti hakuja, alikuwa amesafiri. Na wengine wawili hawakuja. Wajumbe hawakutosha. Kanuni zinasema wasipotosha hapana kikao. Waliokuja walikunywa chai wakaahirisha hadi mwezi ujao.

"Morgan alifanya nini?"

"Aliomba tuendelee hivyo hivyo, kwamba wengine waweke sahihi baadaye. Sauti yake ilikuwa imekwisha, ilibidi nimtafsirie. Nikamwambia kanuni haziruhusu. Ni mimi nilimwambia."

"Alikuwa na wasiwasi wa nafsi yake?"

Mugure alitikisa kichwa. "Hapana, na ndiyo sababu hatukushtuka. Hakujitaja. Siku zote za nyuma alikuwa akimtaja mgonjwa mwingine, mama wa Kajiado mjini. Anaitwa Kavutha. Yule alikuwa amekosa dawa kabisa. Wiki mbili mfululizo Morgan alikuwa akinipigia kuniuliza, Kavutha atangoja mpaka lini. Halafu siku ya Ijumaa hakuniuliza tena atangoja mpaka lini. Aliuliza tu akiba itatoka lini."

Roda akamshukuru. Mugure akauliza kama anaweza kurudi kwa wenzake. Alirudi, akakaa kati ya wanawake wa kanisa, akapewa kikombe cha chai akakishika bila kunywa.

Gakuru alikuwa amekwisha kuwasha gari.

*

Kavutha alikuwa na chumba cha ushonaji nyuma ya soko la Kajiado. Sare za shule zilitundikwa mlangoni, na mteja mmoja, mama wa Kimaasai aliyefuata nguo za binti yake, alikuwa akitoka walipofika. Kavutha alikuwa nyuma ya cherehani, mwanamke mwembamba mwenye miwani. Kope zake zilikuwa juu. Alikata uzi kwa meno.

Roda alimsalimu kwa Kikamba, naye akaitikia kwa Kikamba, akifurahi kidogo. Kisha Roda akarudi kwenye Kiswahili ili Gakuru aweze kuandika. Alijitambulisha. Akamwuliza kama anamfahamu Morgan Wakhungu.

"Morgan wa kamati? Namfahamu kama ndugu. Ni yeye aliniletea hii." Alifungua droo ya cherehani akatoa chupa nyeupe, akaiweka mezani kati ya vifungo na vipande vya chaki. Ilikuwa na jina la duka la dawa la Kitengela, na chini yake jina la Morgan. "Alikuja Alhamisi, mwenyewe. Wakati huo nilikuwa nimelala pale, siwezi hata kufukuza nzi. Alinishika kichwa akanimezesha na uji. Alikaa mpaka nikaweza kusema. Neno la kwanza nilimwambia asante, akasema si yeye, ni serikali. Ati kamati imepitisha, dawa imefika, kila mtu anapewa. Yeye amekwisha kupata yake."

"Alisema amepata yake?"

"Alisema nyingi. Mko na shida na yeye? Amefanya nini?"

Roda aliutazama uso wa mwanamke huyo. Angeweza kuandikisha maneno hayo kwanza, kisha amwambie. Lakini taarifa iliyotolewa na shahidi asiyejua anashuhudia nini, hakimu angeitupa, na wakili yeyote angeuliza sababu.

"Mama Kavutha," akasema, "Morgan amekufa. Jumamosi. Kamati haikuwa imepitisha kitu, na mpaka leo haijapitisha. Hakuwa na chupa nyingine isipokuwa hiyo."

Nje mtu alikuwa akipimiwa viazi, na muuzaji akimhakikishia kwamba vimetoka mashambani Entarara. Kavutha alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kitambaa cha sare, akaivaa tena. Hakuuliza kama ni kweli. Aliuliza kama alikufa peke yake, Roda akasema ndiyo. Akauliza kama mke wake anajua habari ya chupa, Roda akasema bado.

Kisha Kavutha alinyoosha mkono, akaisukuma chupa mpaka ukingo wa meza, upande wa Roda.

"Chukua," akasema. "Si yangu."

Roda hakuigusa. Alimweleza habari ya Lennox, tangu ukuta wa Keziah hadi veranda ya Namanga: kesho asubuhi angesomewa shtaka la mauaji, na mtu pekee aliyeweza kusema chupa ilikwenda wapi alikuwa yeye. Ilibidi aandikishe taarifa sasa, aitie sahihi, na kesho asimame mbele ya hakimu aseme kwa mdomo wake.

Kavutha alitaka kujibu. Lakini neno lilitoka limelegea, nusu yake kupitia puani. Alijaribu tena, likatoka vibaya zaidi. Kope ya kushoto ilikuwa imeanza kuteremka, na sasa ya kulia ikaifuata. Alikiinua kidevu ili aone chini ya kope zake. Roda alimwuliza kidonge cha mwisho alikimeza lini, na Kavutha akaonyesha kwa kidole upande jua linakochomoza: asubuhi, mapema. Muda ulikuwa umepita wakiongea.

"Unahitaji kumeza," Roda akasema.

Kavutha akatikisa kichwa.

"Kama humezi hutaweza kuongea."

Akatikisa kichwa tena, polepole, kwa sababu shingo pia ilikuwa ikichoka. Aliiegemeza kwa mkono. Machozi yalikuwa yakimtoka, ila uso wenyewe haukusogea. Misuli ya kilio ilikuwa imelala kama ile mingine.

Gakuru alikuwa amesimama na mfuko wa vielelezo mkononi. Alisema kwa sauti ya chini kwamba kwa utaratibu, chupa na kilichomo ndani vyote ni vya mahakama. Vitafungwa pamoja, vitapigwa muhuri, vitakaa kabatini mpaka kesi iishe.

"Najua utaratibu," Roda akasema.

Alitwaa chupa, akaifungua. Kwenye rafu palikuwa na kisahani cha bati cha kuwekea pini. Alizimwaga pini mezani, akapangusa kisahani kwa leso yake, akavimimina vidonge vyote humo. Akaikung'uta chupa mpaka akaridhika, akaifunga, akampa Gakuru.

"Andika chupa moja ya plastiki," akasema. "Tupu."

Gakuru aliipokea, akaitia kwenye mfuko, akaandika.

Roda alijaza maji kikombeni kutoka kwenye jagi. Alikiweka kikombe mbele ya Kavutha, na kisahani kando yake, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Lennox ana dada yake," akasema. "Ndiye mjane. Amebakiwa na huyo ndugu tu. Mimi siwezi kukumezesha kwa nguvu, na sitakudanganya kwamba kesho kutakuwa na nafasi nyingine. Kama unataka kuongea kesho, anza na hiki cha sasa."

Mteja alipiga hodi mlangoni, Gakuru akamwambia arudi baadaye. Mkono wa Kavutha ulienda kwenye kisahani, ukatulia juu yake, kisha vidole vikashika kidonge kimoja. Alikiweka ulimini. Maji ya kwanza yalimwagika kidevuni. Roda alimshika kichwa kwa nyuma, akakiinua kikombe tena, na safari hii yalishuka.

Walingoja. Roda alizikusanya zile pini mezani moja moja, akazichoma kwenye kipande cha kitambaa. Baada ya muda kope zilianza kupanda, kwanza ile ya kulia, na Kavutha akakaa wima akalivuta shati lake sawasawa kama mtu aliyeitwa na mwalimu. Alikohoa ili aijaribu sauti. Ilikuwepo.

Gakuru alifungua ukurasa mpya.

"Andika," Kavutha akamwambia. "Naitwa Kavutha, mimi ni fundi wa nguo hapa Kajiado. Siku ya Alhamisi Morgan Wakhungu alikuja hapa kwangu na dawa yake, akanidanganya."

Gakuru aliisimamisha kalamu, akamtazama Roda kama neno hilo libaki.

"Kama alivyosema," Roda akamjibu. Gakuru akaandika.